Mzee Ukasha na Mipira Iliyolowa Kiangazi

Tarehe 1 Julai 2025, saa moja na nusu asubuhi, Mzee Ukasha Hiza alirudisha stoo kofia moja, jozi mbili za buti na mkanda mmoja wenye ndoano. Akadai kwamba buti moja la kushoto halikuwa lake tangu mwanzo, akasaini hivyo hivyo, akastaafu. Alikuwa ameitumikia zimamoto kwa miaka thelathini na mitano na miezi kumi na moja. Miaka minne ya mwanzo alikuwa Korogwe, iliyobaki yote hapa kwetu Handeni.

Uongozi umeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida la watumishi. Nimeambiwa usizidi ukurasa mmoja, na nimesisitiziwa nisikose kutumia neno "mbunifu". Nimekuwa karani wa kituo hiki miaka kumi na minne, na karibu yote nimeketi meza iliyotazamana na kiti chake. Ukurasa mmoja hautatosha. Kuhusu hilo neno, tutafika.

Mzee Ukasha alizaliwa Kang'ata mwaka 1965. Mama yake alichokumbuka ni kwamba mahindi yalikuwa yameshavunwa. Tarehe yenyewe ilichaguliwa na mwalimu aliyeandikisha darasa la kwanza, ambaye aliwapa watoto kumi na tisa siku moja ya kuzaliwa ili asichoshe mkono. Mzee Ukasha hajawahi kumsamehe. Anaamini alizeeshwa kwa miezi miwili, na wiki ya mwisho ya kazi aliniuliza, akiwa amekunja uso kabisa, kama kuna fomu ya kukatia rufaa.

Aliajiriwa Korogwe Agosti 1989, kwenye kikosi cha watu watano na gari moja lililokuwa limewazidi wote umri. Ni hapo alipoanza desturi ya kuliamkia gari. Kila asubuhi aliingia bandani, akaweka kiganja juu ya boneti na kusema, "Shikamoo." Maelezo yake yalikuwa kwamba gari lile lilikuwa rika la baba yake mdogo, na kama baba yake mdogo, likinuna haliamki. Akaletwa mkuu mpya kutoka mkoani, naye akawa anapita bandani muda huo huo na kuitikia "Marahaba, kijana, marahaba" kwa moyo mweupe. Aliitikia siku nne. Siku ya tano aliona kiganja kiko wapi.

Katika mafaili yetu ipo ripoti ya mwaka 1991 kwa mwandiko wake, ambayo huwa tunawapa wageni wa kituo waisome. Kikosi kiliona moshi mweupe kwenye mashamba ya mkonge upande wa Mazinde. Mkonge mkavu ukishika moto haukupi muda wa kufikiri, kwa hiyo walikwenda mbio, wakaukuta moshi na kuumwagia maji bila kuuliza. Walikuwepo wazee wawili wanarina asali. Ripoti inaishia hivi: "Moto haukuwepo. Majeruhi watano, wote wetu. Wenye mzinga hawakuguswa na wametusikitikia."

Mwaka 1993 alihamishiwa Handeni, na hapa ndipo inapoanza habari ambayo sitaweza kuibana.

Kituo cha zamani cha zimamoto kiko Chanika, hapa hapa mjini Handeni. Kilijengwa mwaka 1955. Kina kuta nene za mawe, milango miwili mikubwa ya mbao iliyopakwa rangi nyekundu, banda la gari moja, na vyumba viwili vya kulala watu wa zamu. Nyuma yake kuna mnara mwembamba wa matofali, urefu wa mita kumi na mbili, ambao wageni huudhania msikiti mdogo au kanisa lililokosa fedha za kumalizia. Ni mnara wa kukaushia mipira. Mpira wa kuzimia moto ukiukunja ukiwa na maji unaoza, kwa hiyo unaupandisha juu kwa kamba, unauacha uning'inie mpaka ukauke.

Ndani ya banda, kwenye ukuta wa kushoto, kila aliyepangiwa kituo kile tangu 1955 aliandika jina lake na mwaka wa kufika. Ukasha aliandika la kwake chini ya jina la Adamu Mwinjuma, kwa sababu walifika wiki moja na Adamu alikuwa wa kwanza kulifikia kopo la rangi. Walilala chumba kimoja miaka minane. Adamu ndiye aliyemposea Mwaija, akaenda Kang'ata mwenyewe na kuwaeleza wazee kwamba Ukasha ni mtu mkimya na mtaratibu. Bi Mwaija anasema mpaka leo ule ndio uongo mkubwa kuliko wote aliowahi kuambiwa.

Mwaka 2001 waliitwa kijijini kumwokoa fundi aliyekwama kwenye kisima alichokuwa anakichimbua upya. Adamu alishuka, Ukasha akashika kamba. Adamu alimfunga yule fundi, akavutwa juu akiwa hai. Kamba iliporudi chini, Adamu hakuishika. Hewa ya kisimani ilikuwa imeshamlaza. Tangu siku hiyo Mzee Ukasha aliingia kwenye nyumba zinazowaka, alipanda minazi, alimbeba mgongoni bibi mkwe wa Bi Sharda mwenye duka la vitambaa huku bibi huyo akimgombeza kwa kuiacha cherehani, kisha akarudi ndani akaitoa na cherehani. Lakini shimoni hakushuka tena. Kila mkuu wa zamu aliyepita alilijua hilo, na hakuna aliyemuuliza.

Mwaka 2019 tulihamia kituo kipya, kando ya barabara kuu. Ni kituo kizuri. Kina vigae, kina nafasi ya magari matatu, na ofisini kwangu kuna kiyoyozi ambacho sitaki mtu yeyote asome wasifu huu na kukiondoa. Kitu kimoja tu mchora ramani alisahau, mnara. Tukawa tunaanika mipira kwenye uzio, na mbuzi wa jirani wakatufundisha kwamba turubai la mipira lina ladha.

Kile cha zamani kikafungwa kwa kufuli. Mwanzoni mwa 2021 ikaja barua kutoka ofisi moja ambayo nimeombwa nisiitaje. Majengo yote ya zamani yasiyotumika yangekaguliwa kila mwezi. Jengo ambalo lingekutwa halitumiki mara tatu mfululizo lingebomolewa, na kiwanja kingejengwa fremu za maduka.

Mzee Ukasha aliisoma barua ile akiwa amesimama mbele ya meza yangu. Alirudia kuisoma. Kisha akavuta kiti.

"Efrazia mwanangu," akasema, "jengo linalotumika ni jengo gani?"

Nikamwambia nadhani ni lile ambalo mkaguzi akifika anakuta kuna kitu kinafanyika.

"Basi kitafanyika," akasema, akaenda kutafuta mkokoteni.

Kuanzia wiki ile, kila tulipotoka kwenye moto au mazoezi, Mzee Ukasha alipakia mipira iliyolowa kwenye mkokoteni, akausukuma mpaka Chanika, akaipandisha mnarani. Mpaka hapo hakuna kosa. Mipira ililowa kweli, mnara ulikuwepo kweli, na mbuzi walibaki na njaa yao. Mkaguzi akaja, akakuta mipira inadondosha matone, akaweka alama kwenye kisanduku cha "linatumika".

Mkaguzi huyo aliitwa Bwana Habakuki. Alikuwa anatokea Korogwe kwa basi la asubuhi, mtu mpole, mwenye viatu vinavyong'aa na ubao wa kuandikia uliofunikwa kwa nailoni ili vumbi lisiguse fomu. Kabla ya kuja alikuwa na adabu ya kupiga simu. Simu ilikuwa mezani kwangu. Hapa ndipo jina langu linapoingia kwenye habari hii, na ningeomba sehemu hii isomwe haraka.

Moto una tabia ya kutokuja kwa ratiba. Kuna miezi ambayo hatukuitwa hata mara moja, na mipira ilikaa stoo mikavu kama karatasi. Bwana Habakuki akipiga simu kwamba yuko njiani, mimi nilikuwa nasema karibu sana, kisha nikatoka nje na kusema kwa sauti ya kawaida kwamba leo jua kali. Mzee Ukasha alikuwa anaelewa. Alichukua mipira mikavu, akaipeleka Chanika, akailowesha, akaipandisha. Tulifanya hivyo kwa muda unaopita mwaka. Sikuwahi kumuuliza maji anayatoa wapi, na hiyo ndiyo sababu sijafanya kazi ya upelelezi.

Novemba 2022 vuli iligoma. Mabomba ya mji yalikauka. Wiki ya kwanza watu walilalamika, wiki ya pili walinunua, wiki ya tatu hata wa kuuza walipungua. Mazoezi yalisimamishwa ili maji yaliyomo kwenye magari yabaki kwa ajili ya moto. Wanawake wa Chanika waliamka alfajiri kupanga madumu. Siku ya kumi na tisa ya hali hiyo Bwana Habakuki akapiga simu, na mimi, Mungu anisamehe, nikatoka nje nikasema leo jua kali.

Nilikwenda naye Chanika siku hiyo kwa sababu nilikuwa na nyaraka za kumsainisha mkaguzi. Tulimkuta Mzee Ukasha amesimama kando ya mnara, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri gwaride. Juu yake ilining'inia mipira sita. Bwana Habakuki aliusogelea mmoja. Tone likadondoka kwenye kiatu chake. Alikitazama kiatu. Akatazama juu, akatazama uwanja mzima uliokuwa umepasuka kwa ukame, kisha akamtazama Mzee Ukasha.

"Mzee wangu, shikamoo," akasema.

"Marahaba."

"Moto wa mwisho ulikuwa lini?"

Mzee Ukasha alisema kulikuwa na moto kidogo, tarehe haikumbuki vizuri. Bwana Habakuki akanigeukia mimi. Mimi nina daftari la matukio. Nikasema wiki tano zilizopita.

"Na mipira bado haijakauka," akasema Bwana Habakuki. Hakuwa na kejeli. Alikuwa anaandika kichwani. "Safari hii nilifika jana, nimelala nyumba ya wageni hapo chini. Nimepewa kikombe kimoja cha kupigia mswaki, kikombe, si ndoo. Hebu niambie mzee wangu, haya maji unayatoa wapi?"

Kabla hajajibu, tukasikia hodi getini. Alikuwa Bi Mwatumu, muuguzi mkuu wa kituo cha afya kilicho upande wa pili wa barabara. Alikuja kuazima ule mkokoteni ili vijana wake wakafuate maji maili sita kutoka pale. Alisimama na kanga yake kiunoni, akaona mipira, akaona dimbwi chini ya mnara. Aliliangalia lile dimbwi kwa muda mrefu.

"Baba Yusra," akasema. Alimwita kwa jina la binti yake kwa kuwa yeye ndiye aliyemzalisha Bi Mwaija. "Jana usiku nimepokea wazazi watatu. Kila mmoja amekuja na dumu lake kichwani, na uchungu umeshamshika. Na wewe unaogesha mipira?"

Mzee Ukasha akageuka, akaingia bandani, nasi tukamfuata. Alisogeza mbao mbili kuukuu, akapangusa vumbi kwa mguu, na pale sakafuni kukatokea mfuniko wa chuma. Alipouinua, ubaridi ukatupiga usoni.

Chini ya banda lile kuna tangi la kupokea maji ya mvua kutoka paani, la lita elfu sitini, lililojengwa pamoja na kituo ili gari lijazwe hata bomba likikatika. Liliachwa kutumika kabla mimi sijaajiriwa, na kwenye hati za makabidhiano halikuandikwa. Mzee Ukasha alilijua kwa sababu alilala juu yake miaka ishirini na sita. Bwana Habakuki alifunga jiwe kwenye uzi, akalishusha, akaupima uzi uliolowa. Tangi lilikuwa na maji nusu.

Mzee Ukasha alikaa kwenye ukingo wa sakafu. Alisema kwa sauti ndogo kwamba kichwani mwake yale yalikuwa maji ya zimamoto, tope na popo, wala hakuwahi kuyahesabu kuwa ni maji. Alikuwa analitazama jengo tu. Bi Mwatumu alikuwa ameshapiga magoti, ameufunga ule uzi kwenye mfuniko wa chupa ya chai, anachota maji na kuyatazama kwenye mwanga.

Bwana Habakuki alitoa fomu, akakaa nayo muda, akairudisha chini ya nailoni bila kuweka alama.

"Nikiandika nilichokiona," akasema, "wewe huna kazi, dada huyu hana kazi, na jengo hili halipo. Sitaandika leo. Nitasema basi liliharibika. Mwezi ujao nikija, nataka nikute kitu ambacho hakihitaji kuloweshwa."

Maji yalikuwepo, lakini kuyatoa kwa ndoo moja moja kusingemsaidia mtu. Bomba la zamani la kuvutia lilikuwa zima isipokuwa mdomo wake wa chini, uliofukiwa na tope la miaka mingi. Ilibidi mtu ashuke akaufukue. Vijana wetu wanne walijitokeza. Mkuu wa kituo alitaka kuchagua mmoja, na Mzee Ukasha akamkatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Maji haya nimeyamwaga mimi," akasema. "Nashuka mimi."

Tuliacha mfuniko wazi siku mbili. Tukapuliza hewa kwa feni ya kutolea moshi. Tukashusha taa ya chemli kuipima hewa, mpaka karibu na maji, ikakaa robo saa bila kufifia, akataka ishushwe tena, ikashushwa tena. Nilimwona anafunga mkanda kiunoni, anaufungua, anaufunga upya. Watu watatu walishika kamba, na mimi nilikuwa wa tatu, ingawa kazi ya karani haisemi hivyo.

Sheria ni kwamba aliye chini aongee muda wote, ili walio juu wajue bado ana fahamu. Mzee Ukasha alianza kwa kulaumu tope. Akamlaumu aliyejenga, akamlaumu mwalimu wa Kang'ata na ile tarehe yake ya kuzaliwa. Baada ya dakika kumi maneno yakamwishia, na mtu huyu maneno hayajawahi kumwishia. Tukasikia anataja majina. Alikuwa anayataja majina ya ukutani, kuanzia la 1955, moja moja, na mwaka wake. Koleo linagonga, jina linatajwa. Alikuwa anayajua yote kwa moyo.

Alipofika 1993 akanyamaza. Tulihesabu mpaka tano. Mkuu wa kituo akainua mkono, tukaanza kuvuta.

"Acheni," ikatoka sauti chini, nzito kidogo. "Nipo. Namsalimia Adamu."

Alipotoka alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi. Alikaa nje ukutani, akaomba chai, akanywa vikombe vitatu bila kumtania mtu yeyote. Kesho yake pampu ikafungwa, mpira wetu mrefu ukavuka barabara, na maji yakaingia kwenye tangi la kituo cha afya. Bi Mwatumu aliyachuja, akayatia dawa, akayafungia kufuli na kuvaa ufunguo shingoni. Yalimfikisha siku hamsini na mbili, mpaka mvua iliponyesha na tangi letu likajaa tena lenyewe.

Bwana Habakuki aliporudi alikuta pampu inavuta bandani, na upande wa pili wa barabara foleni ya wauguzi na ndoo. Hakugusa kitu chochote. Aliweka alama, akaondoka mapema kuliko kawaida, na safari hiyo viatu vyake vilikuwa vya mpira.

Lakini tangi ni la kiangazi, na jengo linahitaji kazi mwaka mzima. Wazo lilikuwa la Bi Mwatumu. Wajawazito kutoka vijiji vya mbali hushauriwa kuja mjini wiki mbili kabla ya siku zao, na walikuwa wanalala kwenye veranda ya kituo cha afya kwa kukosa pa kukaa. Akasema vile vyumba viwili vya zamu vina vitanda vya chuma, vina dirisha, na viko hatua mia mbili kutoka chumba cha kujifungulia. Walikaa watu wa kusubiri moto, sasa wakae wa kusubiri watoto. Barua niliandika mimi, saini alikusanya Mzee Ukasha kwa mkokoteni, maana alikataa kuuacha. Bi Sharda alitoa mapazia na shuka, na akayashona mwenyewe.

Hivyo ndivyo kituo cha zamani kilivyokuwa nyumba ya mama ngojea. Milango imebaki myekundu. Banda la gari ni jiko na sebule. Ukuta wa majina haukuguswa, na akina mama huuliza wale ni akina nani. Mnarani sasa zinaning'inia kanga na nepi, zinakauka kwa saa mbili, na Mzee Ukasha huzitazama kwa wivu wa kitaaluma.

Alijipa kazi ya kuwafundisha akina mama hao kutumia mtungi wa kuzimia moto na kufunga gesi ya jikoni. Anasema hajapata kuwa na wanafunzi wasikivu namna hiyo, labda kwa sababu hawawezi kukimbia. Katika somo moja la mwaka jana mama mmoja kutoka Kang'ata alishikwa na uchungu akiwa ameelekeza mtungi. Alimaliza kuuzima moto wa mfano kwanza, akaurudisha mtungi mahali pake, ndipo akasema. Mzee Ukasha alimpakia kwenye gari la zimamoto alilokuja nalo kufundishia na kumpeleka zile hatua mia mbili king'ora kikilia. Barabara nzima ilisimama kuwapisha. Kwa mguu wangefika mapema zaidi, lakini ni nani angemwambia.

Sasa nifike kwenye lile neno.

Ufunguzi ulifanyika Septemba 2023. Mgeni rasmi alikuwa na hotuba iliyochapwa, na ndani yake Mzee Ukasha alitajwa kama mtumishi mbunifu, mwenye maono, aliyelitunza tangi kwa siri miaka yote kwa ajili ya wananchi wakati wa shida. Watu wakapiga makofi. Akaitwa aseme neno moja. Alikwenda mbele, akaishika maiki kama anavyoshika bomba la maji, mbali na mwili.

"Mgeni rasmi ameelezwa vibaya," akasema. "Sikulitunza kwa ajili ya mtu. Nilikuwa napigania jengo. Mlipokuwa mmepanga madumu alfajiri, mimi nilikuwa nachota maji humu ndani na kumwagia mipira mikavu, nimdanganye mkaguzi. Nimefanya hivyo mpaka siku ya kumi na tisa ya ukame na sikufikiria hata mara moja. Aliyefikiria ni Mwatumu. Nimeona niseme mwenyewe kabla makofi hayajanizoea."

Palikuwa na kimya ambacho sijawahi kukisikia kwenye sherehe yenye pilau. Mgeni rasmi alitazama karatasi yake kana kwamba sehemu hiyo huenda imo. Bi Mwaija, aliyekuwa ameketi safu ya pili, alifunika uso kwa mtandio. Kisha Bi Sharda akasema kutoka alipokuwa ameketi, kwa sauti ya mwenye duka, "Tumesikia, Mzee. Pilau inapoa." Watu wakacheka, na Bi Mwatumu akacheka kuliko wote, akaenda kumvuta mkono akamrudisha kitini.

Barua ya onyo aliipata wiki iliyofuata. Niliichapa mimi. Na mimi nilipata ya kwangu, ambayo pia niliichapa mimi, na nadiriki kusema haikuwa na kosa hata moja la tahajia. Zote zimo kwenye mafaili na zitakaa humo. Nilipomweleza Mzee Ukasha kwamba nimeagizwa niandike "mbunifu", aliniomba niandike tu kwamba alichelewa kuona, akaonyeshwa, akashuka. Nimeandika.

Kwa niaba ya watumishi wote, ahsante kwa mioto uliyoizima, kwa vijana uliowafundisha kufunga kamba vizuri, na kwa jengo ambalo tangu lifunguliwe limepitisha akina mama mia mbili na arobaini na mmoja, kila mmoja akiondoka na mwenzake mikononi.

Wakati naandika haya nilimpigia simu Bi Mwaija, ambaye amelima Kang'ata peke yake miaka yote hii, nikamuuliza angependa niongeze nini. Akasema kwamba tangu mwaka ule wa Adamu, kila simu kutoka kituoni ilipoita alikuwa anaiacha iite mara mbili kabla ya kuipokea, ili awe mke wa mtu kwa muda kidogo zaidi.

Mama Yusra, sasa unaweza kuipokea mara ya kwanza. Tunakurudishia mtu wako akiwa mzima, na kwa kazi aliyoifanya, hilo halikuwa jambo la uhakika hata siku moja. Mzee Ukasha, nenda ukaishi. Ukae na mwenzako, mahindi yakukubali, na usingizi wako usikatishwe na mtu.

Efrazia Lukasi, karani wa kituo